Ekseli ya Erasto

Tulikuwa tunatoka kliniki, mimi na tumbo langu la miezi minane, Kalisti akasema tupite mtaa wa Mwanga mara moja tu, kwa Erasto muuza vyuma chakavu. Mara moja ya mume wangu naijua. Nikatafuta tairi bovu nikalikalia, miguu imevimba, nikawatazama wanaume wawili wakichagua ekseli kama watu wanaochagua mchumba.

Kalisti alikuwa na pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, na alikuwa anaunda mwenyewe tela la kuvuta nyuma yake. Bodi alishaichomelea. Ilibaki ekseli, chuma cha kubebea magurudumu. Kazi nayo ilishapatikana: kupandisha dagaa wakavu kutoka mwaloni Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, hadi Mwandiga, juu mlimani.

Erasto alimwonyesha mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye pikapu ya zamani, nzito, na breki zake pande zote mbili. Ya pili ilikuwa bomba tu, limechomelewa mahali pa kufungia magurudumu ya gari dogo. Nyepesi, breki haina.

"Chukua hii yenye breki," Erasto alisema. "Nitakufungia na kanyagio. Breki ya pawatila inaisimamisha pawatila yenyewe, haisimamishi mzigo."

"Mzigo gani? Mzigo wangu unapanda. Mlima wenyewe ni breki. Nikishuka, nashuka mtupu."

"Kaka, barabara ni ile ile, kwenda na kurudi."

"Na hilo dude lako linanilia magunia mazima ya dagaa kwa uzito wake tu."

Nikadakia pale pale kwenye tairi langu. "Kalisti, chukua yenye breki."

"Mama Kijacho, wewe lea tumbo, niachie tela nililee mimi."

Alicheka peke yake, akalipia lile bomba. Erasto hakucheka. Mimi nilikasirika, na mpaka leo nimekasirika. Hesabu ya Kalisti ilikuwa hesabu ya mtu asiye na ndugu. Nani huku kwetu anatoka Mwandiga mikono mitupu, tena ndiko ukweni kwake?

Nikajifungua mtoto wa kike. Hata sijaanza kutoka nje vizuri, Kalisti akapeleka dagaa Mwandiga, akamkuta mama yangu anamsubiri barabarani. Kwetu mzazi hupelekewa chakula na mama yake, na mama yangu hana jambo dogo. Mikungu ya ndizi, magunia ya unga wa muhogo, mahindi, kuni, madumu ya mawese. Kaka yangu Onesmo, aliyepakia, ndiye aliyenisimulia. Mama alifunga kamba kwa mkono wake mwenyewe. Kalisti aliutazama mzigo, akalitazama tela, akafungua mdomo, akaufunga.

Mkwe habishani na mama mkwe. Hata usoni hamtazami sana. Anapokea kwa mikono miwili, anasema asante mama. Kalisti angeweza kumwambia mtu yeyote kwamba tela lake haliwezi, angemwambia hata Mkuu wa Wilaya. Ila mama yangu, hapana. Onesmo alimnong'oneza wapunguze. Akajibu, "Ataona nimekataa chakula cha mwanawe. Nitashuka polepole."

Alishuka polepole mpaka mteremko ulipoanza kweli. Tela likaisukuma pawatila, pawatila ikajikunja kwenye kona, na vyote vikamwangukia. Waliomtoa wanasema hakuteseka. Hivyo ndivyo watu wanavyomwambia mjane.

Chakula kilipona. Unga haukumwagika, ndizi nyingi zilikuwa nzima, na waombolezaji lazima wale. Tukakipika msibani. Nilikula na mimi, kwa kuwa nanyonyesha, na kila tonge nilijua ni ule mzigo uliomuua mume wangu. Nilimchukia Kalisti kwa ubishi wake. Nilitamani aingie mlangoni nimgombeze.

Baada ya maziko mama aliketi mkekani karibu yangu, amempakata mtoto. Hakuna aliyekuwa amemweleza kitu. Masikio yake ni mazito siku hizi, kwa hiyo aliuliza kwa sauti, nyumba nzima ikasikia.

"Elida, kwani lile tela halikuwa na breki?"

Nikisema halikuwa nazo, atauliza ni nini kililisukuma, na jibu alilifunga kwa kamba yeye mwenyewe. Ni mzee. Ana mjukuu mapajani.

"Zilikuwepo, mama. Zilikatika."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Aliyemuuzia mkwe wangu breki mbovu, Mungu anamwona. Na wanawe nao wabaki yatima kama huyu."

Erasto alikuwa amekaa mlangoni na wanaume wenzake. Ana watoto wanne, wa mwisho hajaanza kutembea. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Nikaufunga, kama Kalisti.

Erasto alinitazama, akamtazama mama, akamtazama mtoto. Akavua kofia, akaja kupiga magoti kwenye ukingo wa mkeka.

"Ni mimi niliyemuuzia, mama," alisema. "Nisamehe."

Akanyoosha mikono yote miwili. Mama hakuipokea.