Sahani ya Okito

Siku ya Jumanne, saa moja asubuhi, Nestor alipiga magoti jikoni kwa Mama Falone, mtaa wa Mikelenge mjini Kindu, akaanza kusoma majivu. Jana yake, saa tisa alasiri, alikuwa ameyachekecha kwa chekeche la unga na kuyatandaza sakafuni kutoka mlangoni hadi kwenye mafiga, kwa sababu panya akipita juu ya majivu hawezi tena kuficha njia yake. Alihesabu panya saba. Wawili walikuwa wamepenya chini ya mlango, watano walitoka kwenye tundu nyuma ya mtungi wa maji. Palikuwa pia na nyayo za mwanaume mmoja, peku, mguu wa kushoto ukikosa kidole cha mwisho. Zilitoka mlangoni, zikafika kwenye kichanja cha vyombo, zikarudi mlangoni.

"Uliweka dawa ya panya," Nestor alisema.

"Kidogo tu." Mama Falone alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nilichanganya na wali, nikafunika juu ya kuku, wasiidonoe."

"Iko wapi?"

Mama Falone alionyesha kwa kidevu. Sahani ilikuwa kichanjani, imeoshwa, imefunikwa kwa sahani nyingine, ukingo juu ya ukingo.

"Okito amekula yote," alisema. "Panya yangu inaniangalia tu na macho. Papa Nestor, ambia muntu wako aende kula kwa wengine."

"Si mtu wangu."

"Alilala kwako, alifia kwako. Ni wa nani basi? Wangu?"

Nestor alitoa kalamu mfukoni. Aliandika katika daftari lake: panya saba, matundu mawili, Okito mara moja. Kisha akaenda kuchanganya udongo.

Kwenye avenyu ile hakuna aliyeona ajabu tena. Okito alikufa mwaka wa elfu mbili na mbili, mji ulipozingirwa. Tangu hapo, nyumba yoyote iliyowekea panya dawa katika sahani iliyofunikwa, yeye alifika saa kumi na moja jioni, saa watu wanaporudi kutoka shamba. Alibisha hodi, akasalimia waliokuwepo, akaingia jikoni, akala. Aliosha sahani, akaifunika, akashukuru. Halafu alikwenda nyuma ya jiko la Nestor, akakaa chini na kujishika tumbo mpaka jua lilipozama. Baada ya hapo hakuonekana hadi mtu mwingine aweke dawa. Watu walipita karibu naye na madumu ya maji, wakamwambia pole. Lalamiko lao lilikuwa moja tu, kwamba dawa inakwisha na panya wanabaki.

Nestor alikuwa fundi wa kujenga, na mambo ya panya alijifundisha mwenyewe. Hakuna shule iliyomfundisha kwamba panya mdogo hupita katika tundu linaloingia kidole gumba, wala kwamba tundu lililozibwa kwa udongo mtupu hutobolewa tena siku hiyo hiyo. Alijaribu, akaandika, akajaribu tena. Aliziba kwa udongo uliochanganywa na saruji na vipande vya bati la madebe ya mafuta. Nguzo za ghala la mpunga alizivisha bati laini, pana kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, ili makucha yakose pa kushika. Mchele aliutia katika pipa la chuma lenye kifuniko. Mtego wa ubao aliuwekea ngazi, tunda la mchikichi, iliyochomwa, akauacha siku mbili bila kuutega ili panya auzoee, siku ya tatu akautega. Panya aliyekufa alimshika kwa mfuko wa plastiki, akamzika mbali na kisima, akaosha sakafu kwa sabuni. Alifanya hivyo nyumba baada ya nyumba, naye alimwomba kila mwenye nyumba jambo moja: asinunue dawa tena.

Watu walidhani anaogopea watoto. Aliogopea watoto pia.

Mwaka ule wa vita, Okito alikuja Kindu kutoka upande wa Kibombo akisukuma baiskeli yenye gunia la mchele. Alitaka kuuza, kununua chumvi na sabuni, na kurudi kwa mke wake na mtoto wa miaka minne. Siku ya tatu njia zilifungwa. Wapiganaji walikaa pande zote za mji. Aliyekwenda shamba hakurudi, au alirudi bila kitu. Okito alimjua Nestor kwa sababu waliwahi kujenga pamoja ukuta wa zahanati. Akaja kulala kwake, na gunia lake akalikabidhi kwa Francine, mke wa Nestor. "Mama, tutakula wote," alisema.

Wakala wote. Mchana Okito alikwenda kutafuta vibarua, akirudi saa kumi na moja, wakati wengine wamekwisha kula. Francine alimwekea sahani yake kichanjani, imefunikwa, kama mtu yeyote anavyomwekea anayechelewa. Kitu kama hicho hakisemwi. Anayechelewa haulizi kama kuna chakula, na wenye nyumba hawamtazami akifunua. Anakula, anaosha, anafunika.

Mwezi wa pili gunia lilikuwa limelegea, na Nestor alikuwa na watoto watano. Usiku mmoja hakulala. Asubuhi alimwambia Francine asipakue tena sahani ya Okito.

"Utamwambia wewe?" Francine aliuliza.

"Ataelewa."

Francine hakuweza kuacha sahani wazi. Sahani iliyo wazi ingekuwa kama kumfukuza. Kwa hiyo aliifunika, tupu. Okito alirudi, akafunua, akafunika. "Aksanti, mama, nimeshiba," alisema, akaenda kulala. Ikawa hivyo siku ya pili, ya tatu na ya nne. Nestor alisikia kila mara mlio wa sahani ikigusana na sahani, na kila mara alikuwa na kazi ya mikono iliyomzuia kuinua kichwa.

Siku ya tano aliona kwamba panya wameanza kula mchele uliobaki. Alikuwa na dawa kidogo. Akaichanganya na konzi moja ya wali, akatafuta chombo ambacho hakuna anayekitumia, akachukua sahani ya Okito. Aliifunika ili kuku wasiguse, akaweka kijiwe ukingoni kuacha nafasi ya panya kuingia.

Nestor amejiuliza mara nyingi kama alisahau. Hakusahau. Alidhani mtu aliyekuta sahani tupu siku nne, siku ya tano hafunui.

Aliporudi kutoka kurekebisha bati uani, alimkuta Okito anakausha mikono. Sahani ilikuwa imeoshwa na kufunikwa, na kijiwe kimeoshwa pia, kimewekwa pembeni. "Aksanti, yaya," Okito alimwambia, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. "Leo mumenikumbuka."

Alikufa kabla ya jua kuzama. Kipindupindu, au kolera, kilikuwa kinaua watu mjini, na Nestor aliwaambia majirani kwamba ni kipindupindu. Alimzika vizuri. Njia zilipofunguliwa alimtumia mjane ujumbe huo huo, pamoja na baiskeli. Mjane aliona kwamba mtu anayerudisha baiskeli ya marehemu ni mtu mwaminifu. Tangu mwaka huo, kila baada ya mavuno, alimtumia Nestor kikapu cha mchele mpya. Alipokufa yeye, binti yake Naomie aliendelea kuuleta mwenyewe. Nestor na Francine waliula mchele huo miaka ishirini na zaidi. Ulikuwa mchele mzuri, usio na mawe.

Nyumba ya Mama Falone ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwenye avenyu. Nestor alipoziba tundu la nyuma ya mtungi, hakukuwa tena na nyumba yenye dawa. Panya walipungua, wakahamia sokoni.

Okito aliendelea kuja, sasa kila siku, bila kuitwa na dawa. Saa kumi na moja alibisha hodi, akasalimia, akaenda kichanjani na kufunua sahani safi zilizofunikwa kwa sababu ya mende. Alifunika tena. "Aksanti, mama, nimeshiba," alisema, akaenda nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka mwisho wa avenyu. Sasa hakujishika tumbo. Alikaa nyuma ya jiko la Nestor, mikono juu ya magoti, na baada ya wiki mbili watu walianza kuona mifupa ya mabega yake chini ya shati.

"Anakonda," Mama Falone alimwambia Nestor kisimani, mbele ya wanawake wengine. "Weye njo ulimuondolea dawa, si mwingine. Na chakula haukumuwekea. Muntu mwenye akili yote ile ya panya!"

Wanawake walicheka kidogo, kisha wakaacha.

Siku hiyo Francine alipika wali, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese na kipande cha samaki wa mtoni. Alipakua katika sahani ya Okito, ile ile, kwa sababu hawakuwahi kuitupa wala kuitumia. Saa kumi na moja Okito alikuja. Alifunua, akatazama, akafunika taratibu.

"Yaya Nestor," aliita.

"Naam."

"Hii njo ya panya. Mimi nitangojea yangu."

"Ni yako, Okito. Francine amekupikia wewe."

"Ndiyo, yaya," Okito alisema, kwa adabu, kama mtu anayeitikia mkubwa asiyetaka kubishana naye. Akaenda kukaa.

Nestor alilitazama jambo hilo kama alivyolitazama kila tundu, kutoka pande zote. Alijaribu kula mbele yake kutoka sahani hiyo hiyo. Alijaribu sahani mpya. Okito alishukuru, hakugusa. Mwishoni Nestor aliona kwamba tundu ni moja tu, nalo liko mahali ambapo hajawahi kuziba wala kufungua. Aliamua kumwambia Naomie ukweli, Okito akiwa anasikia. Aliandika sentensi tatu katika daftari: mchele ulikuwa wake, tulimnyima, dawa niliiweka mimi katika sahani yake. Alizisoma mara nyingi. Zilikuwa fupi, mtu angeweza kuzisema bila kupumzika.

Naomie alifika mwezi uliofuata, na kikapu kichwani. Mwaka uliotangulia alifika asubuhi, akarudi mchana. Safari hiyo lori lilikuwa limekwama njiani, akafika saa kumi na moja. Okito alikuwa mahali pake.

"Naomie," Nestor alisema, "huyu ni baba yako."

Naomie alishusha kikapu, akapiga goti, akampa Okito mikono miwili.

"Jambo, baba. Mama alisema tunafanana paji la uso."

"Ni kweli, tunafanana. Mama yako namna gani?"

"Alikufa mwaka jana, mwezi wa tatu."

Okito alifikiri. "Sijakutana naye."

"Ni juu ya vile ulikuwa huku," Naomie alisema, na Okito akakubali.

Walizungumza kuhusu shamba, kuhusu mjomba aliyeoa tena, kuhusu baiskeli, ambayo ilikuwa bado inatembea. Kisha Naomie akamtazama. "Umekonda, baba. Ulikufa na nini? Mama alisema kolera. Mjomba haamini."

Nestor alisimama. Francine, kwenye mlango wa jiko, aliacha kupeta mchele. Sentensi ya kwanza ilikuwa imeshafika mdomoni, na mdomo ulikuwa wazi.

"Kolera, mwanangu," Okito alisema. "Mwaka ule iliua watu mingi. Yaya Nestor alinilaza kwake, na mama Francine aliniwekea sahani kila siku. Hawakuninyima kitu." Alisema kwa sauti ile ile aliyosemea kwamba ameshiba.

Jogoo alipita katikati yao. Mtu angeweza kuzisema sentensi tatu katika muda aliochukua jogoo kufika upande wa pili.

Naomie alimgeukia Nestor, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Aksanti, papa," alisema. "Nitamwambia mjomba anyamaze."

"Haya, mwanangu," Nestor alisema, akakaa.

Kesho yake, Naomie alipokwisha kuondoka, Francine alimimina mchele katika pipa la chuma, akabakiza kibaba kimoja, akakipika. Saa kumi na moja Okito alifunua sahani. Alikaa amefunua muda mrefu kuliko siku nyingine, uso karibu na mvuke.

"Mchele wa kwetu," alisema.

Aliufunika. Kisha aliinama, akaokota kijiwe uani, akakifuta kwa shati lake, akakiweka ukingoni mwa sahani, kuacha nafasi ya panya.

"Aksanti, mama," alimwambia Francine. "Nimeshiba."

Nestor alikaa akiitazama sahani hadi giza lilipoingia. Asubuhi wali ulikuwa umechacha, haujaguswa. Panya hawakuja. Katika nyumba ile hakukuwa na tundu hata moja.