Glasi ya Makubaliano

Mapema wiki ile Sefu alimwambia Osée bila kuzunguka: "Papa Osée, ongea na babokilo, bale bakwe bako, mbele ya siku ya ndoa yenyewe. Usingoje kopo ifike mukononi."

Na Sefu alijua anachosema. Yeye mwenyewe alikunywa mpaka akalala mitaroni, kabla hajaanza kuongoza kikundi cha walioacha pombe kinachokutana nyuma ya kituo cha afya, kule Kabondo. Ndiye aliyemkokota Osée kwa daktari siku mikono ilipomtetemeka na macho yakaona wadudu ukutani. Ndiye aliyemzoesha kupiga simu kila hamu ilipobisha hodi. Kanuni ya kikundi ni moja tu: kiu ikija, itaje kwa mdomo kabla mkono haujasogea.

Osée aliahidi, kisha akanyamaza. Mkewe Claudine alikuwa amesema kwamba wakwe wakijua baba wa bibi harusi ni mlevi, watarudi kwao na mbuzi wao. Basi watu wazima wawili wakakubaliana kuficha jambo ambalo mtaa mzima ulilijua. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Sasa kilio kilikuwa kimeketi sebuleni, kimevaa vitenge vipya. Ukoo wa Jephté, kijana aliyemposa binti yao Fortunée, ulikuwa umeteremka kutoka mtumbwini na chumvi, vitambaa, mbuzi, na kidumu cha lotoko, ile pombe kali ya mahindi inayong'aa kama maji safi. Kwa desturi ya watu hao wa mtoni, mali zote hizo hazifungi ndoa. Kinachofunga ni glasi moja. Binti humimina na kumpelekea baba yake. Baba hunywa nusu, na nusu inayobaki humalizwa na mkubwa wa ukoo wa bwana harusi. Midomo miwili isipoimaliza glasi hiyo, hakuna ndoa.

"Nitagusisha midomo tu," Osée alikuwa akijiambia tangu asubuhi. Uongo mtupu. Mlevi gani amewahi kugusisha midomo?

Chumba kilikuwa na joto, na harufu ya lotoko ilikwisha kuenea, maana wajomba walikuwa wameonja. Osée aliishika simu mfukoni. Sefu angepokea mara moja. Lakini nani anapiga simu ya namna hiyo mbele ya wakwe? Aliona aibu, na aibu ikamshinda.

Fortunée alitoka jikoni na glasi, akapiga magoti. Hakumtazama baba yake usoni.

"Papa, kunywa. Mi naitika hii ndoa."

Harufu ilimpanda Osée puani. Mkono ukasogea, na mdomo ulikuwa haujataja kitu. Hakuonja. Alipiga funda kubwa, amefumba macho, kwa uchu ule ule wa zamani, na moyo wake ukashangilia kabla ya ulimi kujua ulichopewa.

Yalikuwa maji.

Alifumbua macho. Binti yake alikuwa akimwangalia sasa, akimsihi kwa macho anyamaze. Osée akaelewa yote. Mtoto alikuwa ametia maji ndani na kupaka lotoko kwenye ukingo, ili wageni wasikie harufu. Alitaka kumwokoa. Hakujua kwamba harufu ile peke yake ilitosha kumwangusha.

"Leta, bokilo," alisema Papa Henri, baba mkubwa wa Jephté, mkono umenyooshwa. "Nusu iko yangu."

Fortunée aliifahamu desturi ya kumpa baba. Habari ya nusu ya pili hakuna aliyemwambia.

Osée aliishikilia glasi. Akiimaliza yote, atakuwa mlafi aliyewanyima wakwe haki yao. Akiitoa, mwanawe ataonekana amewatukana wageni. Na hata kama Mungu angemfungulia njia ya tatu, yeye alijua alichokifanya: alikuwa amekunywa. Koo lilipata maji, lakini nia ilikunywa lotoko.

"Papa Henri," alisema, "ndani ya hii kopo iko maji."

Mtu mmoja alicheka, kisha akakoma. Shangazi wa Jephté akasimama, akaanza kukaza kitenge chake kiunoni. "Maji? Banatupatia maji? Sisi tuko imbwa?"

"Osée!" Claudine alilia.

"Mutoto hana kosa," Osée aliendelea. "Mi niko mulevi. Niliacha, niko kwa kikundi ya batu benye kuacha. Yeye alitia maji juu ya kunilinda. Lakini mi sikujua. Nilinyanyua kopo nikiwaza iko lotoko, na nikakunywa. Ile njo kosa yangu."

Papa Henri aliichukua glasi, akanusa ukingo. Akamwaga maji mlangoni, akavuta kidumu na kuijaza mpaka juu. Akaiweka mezani mbele ya goti la Osée.

"Bon. Sasa iko lotoko ya kweli. Unafanya nini?"

Mate yalimjaa Osée mdomoni. Aliogopa kuliko siku ile ya wadudu.

"Kiu iko," alisema. "Iko mingi. Lakini sitakunywa, papa. Nikikunywa hii leo, kesho nitauzisha ata ile mbuzi mulileta."

Papa Henri aliiacha glasi pale pale mezani. Kisha akamgeukia Fortunée.

"Leta kopo ingine. Na ile maji yako."

Baba mtu akanywa nusu. Papa Henri akamalizia, amekunja uso kama anayemeza dawa ya malaria, na vigelegele vikapasua bati. Shangazi alikuwa wa mwisho kuketi. Chakula kikaletwa, watu wakasahau, Claudine akafuta machozi. Ila hakuna aliyekumbuka kuiondoa ile glasi ya lotoko mezani.

Fortunée alipoinuka kwenda kwa mumewe, Osée alimshika.

"Usiende kwanza. Kamata mukono yangu. Ile kopo ingali apa, na mi ningali naitaka."

Binti akaketi chini, na vitambaa vyake vya harusi, akaushika mkono wa baba kwa mikono yake yote miwili. Kwa mkono uliobaki, mbele ya wakwe wote, Osée alimpigia Sefu simu.