Mama Gaudiose wa Kioo cha Kushoto

Siku ya soko, ng'ombe mmoja wa kutoka Nzahaha alipita karibu mno na taksi ya Protais pale Kamembe. Pembe yake ikang'oa kioo cha pembeni, kile cha kushoto, upande wa dereva. Ng'ombe hakugeuka kuangalia.

Polisi wa njia ya Bugarama alisema gari lisilo na kioo halibebi watu. Munyaneza, mwenye gari, alisema Ijumaa anataka kuona kioo, ama arudishiwe ufunguo ampe dereva mwingine.

Kioo kipya kilikuwa Kigali, na bei yake ilimfanya Protais acheke peke yake barabarani. Cha gari lililokufa kilipatikana kwa bei ya soda, lakini kilikuwa cha upande wa kulia, kikaonyesha mawingu tu. Akafunga kwa mpira kioo kidogo cha mke wake cha kupakia poda. Kilianguka kwenye shimo la kwanza, na jioni ile mke wake hakupika.

Hapo Munyaneza, ambaye hakupenda kununua kitu kinachoweza kukatwa mahali pengine, alimpeleka Protais chumbani kwake. Mle mlikuwa na kabati kubwa la mbao nyekundu, lililovuka daraja kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mwaka ule wa vita, juu ya vichwa vya wanaume wanne. Mlango wake mmoja ulikuwa na kioo kirefu.

"Kata pale chini," alisema. "Miguu yangu naijua."

Fundi wa vioo, Mzee Ntabaza, aliitwa, akakata kipande, akakibandika kwenye taksi kwa gundi ya kuzibia matairi, akazungusha waya.

Asubuhi Protais alipotazama kiooni, barabara haikuwamo. Kulikuwa na chumba, kitanda, nguo zimerundikwa kwenye kiti, na mama mmoja akijifunga kitambaa kichwani.

"Jambo, Papa," alisema mama. "Hapa nilikuwa najionaka mimi. Sasa naona we."

"Ni kioo ya gari, Maman. Nyuma yangu unaona nini?"

"Lori ya saruji. Dereva yake anasinzia."

Protais akasogea pembeni. Lori likapita. Mama akasema anaitwa Mama Gaudiose, wa Bukavu.

Polisi aliinama kwenye kioo. "Huyu anaona nyuma?"

"Naona ata we, chef," alijibu mama mwenyewe. "Kifungo yako imekatika."

Polisi akashika shati lake, akawaruhusu.

Ijumaa Munyaneza alipanda mbele ili ahakikishe kazi.

"Mzee," alisema Mama Gaudiose, "kabati yangu iko kwako?"

"Iko, Maman. Ni ya muzuri sana. Ila mulango yake ya kushoto inakwama."

"Inua kidogo, alafu usukume. Bwana yangu ndiye aliitengeneza, alikuwa na haraka ya ndoa."

"Aksanti, Maman."

"Utairudisha siku gani?"

Munyaneza alitazama barabara. Akamwambia Protais kioo kimekaa vizuri, abaki na ufunguo.

Jioni, nyumbani kwake, Munyaneza aliuinua ule mlango wa kabati kidogo, akausukuma. Ukafungika bila kelele.

Jumamosi asubuhi Mama Gaudiose alipekua rundo la nguo juu ya kiti, akapata kitambaa, akakifunga kwa kupapasa, bila kujiona. Kisha akasema kuna lori nyuma, na Protais akasogea.