Jina Ubavuni mwa Kirikuu

Moza Mkadam alikuwa na moyo mkubwa na mdomo mkubwa, na vyote viwili vilimponza siku moja. Mafuta yake ya nazi hayakuwa na mpinzani Kilindoni. Waliomkamulia walikuwa wajane, walioachika, na wenye waume wa jina tu. Faida ilipopatikana hakujenga ghorofa. Alinunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akakitandika godoro, kibebe wajawazito bure kutoka vijijini hadi hospitali. Dada yake alifia njiani akitokea Bweni, uchungu umemshika, barabara mashimo matupu. Kwa hiyo Moza akamwita fundi rangi, akaandikisha ubavuni kwa herufi nyekundu: MWATIMA, GARI LA WAJAWAZITO. Mwatima ndiye huyo marehemu. Kisha, kwa kuwa hakujua kukoma, akachoresha na mwanamke mwenye tumbo kama mtungi.

Wallahi gari lilipendeza. Ila hakuna aliyelipanda! Miezi ikapita, wajawazito wanapita mlangoni pake wameng'ang'ania migongo ya bodaboda, gari la bure limekaa.

"Shukrani ya punda ni mateke, nimeamini!" akawa anafoka Moza, huku akilipangusa vumbi lile jina kwa upindo wa kanga.

Biubwa, shoga yake na mkono wake wa kulia pale kiwandani, aliendelea kukuna nazi. Sababu aliijua. Lakini angeanzaje kuisema, na jina la marehemu liko pale?

Asubuhi moja Biubwa akapokea simu, akaiacha mbuzi yake na nazi nusu haijakunwa. Mwanawe Swabaha, aliyeolewa Bweni, uchungu ulikuwa umemwanza. Mimba mbili zilishamharibikia, na hii ya tatu ilikuwa imewaweka wote roho juu.

"Panda!" akasema Moza, na kirikuu kikaondoka.

Bweni waliingia kwa honi. Moza akaegesha mlangoni kabisa, lile tumbo la rangi likitazama njia. Watoto wakaja mbio, majirani wakatoa vichwa. Mlango ukafungwa, pu! Ndani ikasikika sauti ya Bi Nasma, mavyaa wake Swabaha, mama wa mumewe.

"Hapa hapana mgonjwa! Mmepotea nyumba!"

"Shikamoo mama! Ni mimi Moza!"

"Marahaba. Nenda zako na gari lako."

Moza akapandwa na hasira. "Watamwua mtoto wa watu hawa!"

Hapo Biubwa akashindwa kuvumilia. "Shoga, nisikilize leo, kesho unifukuze kazi. Nani alikutuma kuchora tumbo? Uchungu kwetu unafichwa, jicho la hasidi lisiufikie. Mumewe mwenyewe hajaambiwa! Wewe umewaletea bango mlangoni. Bodaboda haina maandishi, ndiyo maana wanaipanda."

Moza akamkumbuka mama yake. Siku Moza mwenyewe alipokwenda kujifungua, mama alimtwisha ndoo tupu, wakapita mbele za watu kama waendao kisimani. Kumbe Moza alilijua hili siku zote! Alitaka mno watu walisome jina la dada yake, hata akasahau. Machozi yakamlenga.

Akaliondoa gari, majirani wakishuhudia. Nyuma ya minazi akasimama, akachota tope. Lile tumbo alilipaka upesi. Kwenye jina mkono ukasita.

"Nisamehe, dada," akasema, akalipaka herufi moja moja hadi ya mwisho, akilia waziwazi kama mtoto.

Wakarudi taratibu. "Nazi! Tunanunua nazi! Mwenye nazi atoe!" akanadi Moza.

Mlango ukafunguka. Bi Nasma akatoka na kikapu cha nazi, nyuma yake Swabaha kajitanda buibui. "Mkwe wangu anakwenda kusimamia mizani mjini," akatangaza, "nisije nikaibiwa na huyu Moza!"

Kabla hajapanda, uchungu ukamshika Swabaha. Akashika bodi ya gari, akauma kanga. Papo hapo Bi Nasma akapaza sauti: "Bei gani hiyo? Mwizi mkubwa wee!" Moza naye akamjibu, wakagombana mpaka uchungu ulipopita.

Bweni nzima ilijua, tusidanganyane. Lakini kujua ni kitu na kutangaziwa ni kitu kingine. Jirani mmoja akaleta nazi zake mbili, akaziweka kando ya godoro bila kumtazama Swabaha usoni. "Mfike salama salimini," akaziambia nazi.

Moza aliendesha kana kwamba amebeba mayai, akisoma kila dua aliyoijua, nyingine akizichanganya. Swabaha akajifungulia hospitali. Mtoto wa kike, analia kama mwenye kesi.

Fundi rangi alipoitwa tena, aliambiwa aandike NANUNUA NAZI, basi. Tangu hapo kirikuu hakikupata kupumzika. Wapo waliomsengenya: Moza kaingiwa na uchoyo, gari la wajawazito kalifanya la biashara. Naye, na mdomo wote ule, akanyamaza. Ilimuuma, lakini akanyamaza.

Arubaini ilipokwisha, Bi Nasma akaingia kiwandani na mtoto kifuani. Sasa hapakuwa na cha kuficha. Akamtia Moza mikononi.

"Mshike vizuri. Anaitwa Mwatima. Jina lake ulilifuta kwa ajili yetu, na sisi tumekurudishia."

Moza akamkumbatia mtoto, akatoka naye hadi barabarani, akaliita lile jina kwa sauti yake yote mpaka wenye maduka wakatoka kutazama.