Maji ya Jumatatu ya Karnivali

Profesa Leopoldo Echazarreta alipokuja Toconao, kijiji chetu cha jangwani, kuiombea jina sayari aliyoitangaza kuwa na maji, nilivaa gauni langu jekundu la sherehe nikakaa mstari wa mbele. Nilikuwa nimemsubiri mwaka mzima. Nilitaka jina langu lirudi, na nilitaka lake liporomoke mbele ya watu.

Darubini ya mlimani niliielekeza mimi, Eduvina Puca, mzaliwa wa hapahapa, msomi wa fizikia ya nyota. Mwanga wa nyota ukipenya hewa ya sayari hubeba alama ya vilivyomo, nami niliona alama ya maji. Lakini hewa yetu nayo ina maji. Ndiyo maana usiku huohuo tunapima nyota ya jirani isiyo na mambo mengi, tupate kuyatoa ya kwetu. Nyota hiyo niliipima. Kabla sijamaliza hesabu, Echazarreta, aliyekuwa mkuu wangu, akalifuta jina langu kwenye makala ya kutangaza maji hayo. Kwa haraka ya kuwatangulia wenzake akatumia vipimo vya nyota hiyo vya usiku mmoja wa Januari, hewa ilipokuwa kavu. Nilipokwenda kumuuliza, hakuningoja nimalize.

"Ninyi wa huku mnatusaidia sana kuwasha mitambo," akaniambia. "Kufikiri tuachieni sisi. Na humu ofisini usitie mguu tena."

Nilikwenda nyumbani nikamaliza hesabu yangu. Maji yote yalikuwa ya kwetu. Sikumwambia mtu. Mpanda ngazi hushuka, lakini huyu nilitaka aipande yote kwanza.

Akapanda kweli. Kila nikiwasha televisheni yumo, anasema Dunia imechakaa, na kazi ya sayansi ni kumtafutia binadamu nyumba nyingine. Ilinichoma. Safari za angani nazipenda kuliko huyo anavyozipenda, maana mimi nataka tujue tulivyo na bahati ya kuwa hapa, yeye anataka mlango wa kukimbilia. Na ni nani atakayepita mlangoni hapo? Si mama yangu, Rosalba, anayesubiri lori la maji kila wiki. Sayansi isiyomwona mama yangu siitaki.

Kwenye darubini yetu vipimo hubaki mali ya waliovipima kwa mwaka mmoja, kisha hufunguliwa kwa yeyote. Mwaka ulitimia wiki ileile aliyokuja. Vilipofunguliwa tu niliwapelekea wataalamu wengine vipimo vyangu, na wote walipata jibu langu.

Ukumbini alisema anataka jina la Kikunza, lugha ya mababu zetu. Amelichagua mwenyewe: Puri, yaani maji. Wazee walikuwa wanakaribia kukubali nilipoinua mkono.

"Profesa, maji hayo uliyaona lini?"

"Mwaka jana, usiku wa Jumatatu ya Karnivali," akajibu kwa fahari. "Anga jeupe, hata wingu hakuna."

Mtu akacheka huko nyuma, mwingine akadakia, mwisho ukumbi mzima. Nani asiyeikumbuka Jumatatu ile? Mchana wake mvua ya milimani ilituteremkia tukiwa tunacheza katika sherehe hiyo, unga tuliopakana usoni ukawa uji, ngoma zikalowa. Mawingu yaliondoka jioni, unyevu ukabaki juu yetu. Mama, ambaye hapendi kuongea mbele za watu, akasimama.

"Baba profesa, siku hiyo kitanda changu kiliogelea," akasema. "Hayo maji ni yetu. Huko mbali uliyafuata ya nini?"

Nikaeleza habari ya nyota ya jirani niliyoipima mimi usiku ule, polepole, mbele ya waandishi wa habari aliokuja nao mwenyewe. Wazee wakasema jina lao wamelirudisha nyumbani.

Baadaye profesa alinikuta nje, ukutani, midomo imemkauka.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki uliyonifukuza."

"Ungeniambia ningesahihisha, Eduvina. Umeniacha nijiaibishe mbele ya dunia nzima."

"Ile Dunia iliyochakaa?" nikamwuliza. "Uliniambia kufikiri niwaachie ninyi. Nikawaachia."

Mama, ambaye moyo wake si kama wangu, akamletea glasi ya maji ya lori. Akayanywa yote. Nilisimama nikamtazama mpaka akamaliza, na sikumwonea huruma hata tone.