Nyuma ya Skrini ya Haruna

Mzee Shomari aliendesha treni za reli ya kati mpaka alipostaafu. Usiku treni ilipokuwa ikisimama kwenye stesheni za porini kupisha nyingine, alishuka na kutazama juu, na mapenzi hayo ya nyota akarudi nayo nyumbani Kariakoo. Alinunua darubini ya mtumba soko la Mchikichini, akaifunga juu ya paa la nyumba yake, Mtaa wa Sikukuu.

Aliyoipenda kuliko vyote ni galaksi ya Andromeda. Miezi ya mwisho wa mwaka huonekana upande wa kaskazini, wakati watu wanatoka kuswali Isha. Kwenye darubini yake haikuonyesha ile mikono iliyojizungusha kama kwenye picha. Ilikuwa doa la ukungu, refu kidogo, na katikati pana mng'aro. Lakini mzee alijua mikono ipo, na hilo lilimtosha.

Binti yake, Mgeni, aliyekuwa na duka la vitenge chini ya nyumba hiyo hiyo, hakuwa na subira ya mambo hayo. Alimpandishia chai, akashuka.

Haruna alikulia nyumba ya jirani, akila kwao Mgeni kama kwao. Alipopata uwezo alijenga upande wa kaskazini, akasimamisha juu ya paa lake skrini kubwa ya matangazo, ikawa inawaka tangu magharibi mpaka alfajiri. Sanduku la swichi yake lilifungwa kwenye ukuta wa Mzee Shomari, huko huko juu ya paa, kwa sababu Haruna aliomba na mzee akajibu, "Huyu si mwanangu?"

Mwaka jana daktari wa macho alimwambia mzee kwamba presha ya macho imeshaharibu sana, na kidogo kilichobaki nacho kitaondoka. Mzee hakulalamika. Alisema tu angependa kuiona Andromeda yake vizuri kabla ya hapo. Mgeni akaenda dukani kwa Haruna, alikouza taa na mapambo.

"Zima skrini nusu saa tu, jioni mbingu ikiwa safi. Macho ya baba yanakwisha."

Haruna alicheka mbele ya wateja. "Nizime matangazo ya watu kisa nyota? Mwambie mzee aje hapa, nyota za kuning'iniza ninazo za kila rangi."

Mgeni alikwenda tena, Haruna akaahidi, asitimize. Alipokwenda mara nyingine aliambiwa bosi ana wageni, na jioni ile skrini iliongezwa mwanga. Mgeni alimkuta baba yake juu, jicho kwenye darubini, uso wote umekuwa wa bluu.

"Naona sabuni tu," mzee alisema. Tangazo lilikuwa la sabuni.

Galaksi ikaanza kuzama mapema, msimu ukapita. Kabla msimu mwingine haujafika, Mzee Shomari alikuwa akitembea kwa kupapasa ukuta.

Mgeni hakugombana na mtu. Alianza kumsalimia Haruna kwa uchangamfu kuliko zamani. Swichi ilikuwa ukutani kwake, angeweza kuizima siku yoyote, lakini alitaka siku ambayo giza lingemuuma Haruna.

Siku ilikuja Novemba. Haruna aligombea uenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa, akapanga viti barabarani, akapika pilau, akaalika kila mwenye duka. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na kuondoka na vumbi lote. Sura ya Haruna ilijaa kwenye skrini, ikitabasamu.

Mshereheshaji aliposema, "Na sasa mtazameni mwenyekiti mtarajiwa," Mgeni alishusha swichi, akafunga sanduku kwa kufuli na kutia ufunguo kwenye sidiria.

Chini mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Mgeni alikisikia kicheko kile kama mtu anayekunywa maji baridi mchana wa Februari.

Haruna alipanda ngazi akihema, nyuma yake wafanyabiashara wawili.

"Dada Mgeni, fungua. Watu wananingoja."

"Ukuta ni wa kwetu."

"Fungua, kesho nitahamisha kila kitu. Nakuomba."

"Mimi nilikuomba baba akiwa bado anaona," Mgeni alisema, kisha akawageukia wale wawili na kuwasimulia yote, pamoja na maneno ya nyota za kuning'iniza. Haruna hakukana. Mmoja wao alitikisa kichwa, akashuka bila kumngoja.

Haruna alipoondoka, Mzee Shomari alikuwa amefika mlango wa paa, mkono ukutani. Alikuwa amesikia.

"Mbingu ikoje?" aliuliza.

"Safi."

"Hebu nitafutie."

Alimwelekeza kwa maneno, nyota hii mpaka ile, na Mgeni akahangaika na darubini mpaka shingo ikamuuma. Ghafla ukungu ule ukaingia kwenye kioo, mdogo, umelala upande, kati yake pamejaa nuru. Akamweleza baba yake ulivyo. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Sasa mfungulie Haruna," alisema.

"Hapana, Baba."

"Mimi sioni tena, Mgeni. Hukulifanya hili kwa ajili yangu."

"Najua. Nimelifanya kwa ajili yangu."

Mzee akashika ukuta, akashuka peke yake, na kwa siku kadhaa hakumjibu zaidi ya salamu.

Haruna alishindwa uchaguzi. Aling'oa skrini, akaipeleka mtaa wa Gerezani, na mama yake, aliyemfundisha Mgeni kusuka ukili, sasa anapita dukani bila kugeuza shingo. Hilo linamuuma Mgeni. Lakini jioni mvua ikikatika hupanda juu, hukaa kwenye kiti cha baba yake na kuitazama Andromeda mpaka jicho litoe machozi, na akimkumbuka Haruna alivyosimama pale akiomba, hutabasamu peke yake.