Mkwe Aliyelala Migombani

Kila asubuhi Asegelile alivigonga vyungu vyake vya biashara kwa kidole, asikie kama kuna chenye ufa, huku akisubiri kikohozi. Kilikuwa cha Tusekile, mke wa mwanawe. Kwa desturi ya Wanyakyusa mkwe haonani na baba mkwe, wala hasemi naye. Basi Tusekile alikohoa, mzee akageukia ukutani, uji ukawekwa mlangoni, hatua zikaondoka. Uani pale walibaki wao wawili tu. Mkewe alikuwa amekufa, na mwanawe Gideoni alikuwa amekwenda na wapagazi wa Wadachi.

Asubuhi hiyo kikohozi hakikuja. Ilikuja sauti ya jirani, Veronika.

“Asegelile! Nyumba ya mkweo imetobolewa!”

Wezi walikuwa wamekata ukuta wa mianzi, wakabeba nguo, majembe, hata mkeka. Tangu meli zianze kutia nanga Mwaya, pale ziwani, wageni walikuwa wengi na haikupita wiki bila wizi. Ndiyo sababu Asegelile aliutaka ujumbe, ukubwa wa kijiji. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiahidi walinzi, na mchana huo karani wa boma angekuja kuwauliza watu wanamtaka nani.

“Yeye yuko wapi?”

“Kwangu. Alikimbilia migombani, mvua imemnyeshea usiku kucha.”

“Mlango wangu uko hapo hapo. Kwa nini hakuja?”

Veronika alimtazama kama mtu aliyepotewa na akili. “Aje kwako? Kwa baba mkwe?”

Mchana, sokoni, karani aliwasimamisha wagombea wawili, watu wajipange nyuma ya wamtakaye. Mwingine alikuwa Zebedayo, muuza pombe.

“Mkinichagua mimi,” Asegelile alisema, “hakuna atakayelala kwa hofu.”

“Mzee wa vyungu!” Zebedayo alidakia. “Mkweo kalala wapi jana?”

Watu wakacheka.

“Au migomba nayo utaiwekea askari?”

Angeweza kujibu kwamba ni desturi. Wote wangekubali, maana hakuna hata mmoja pale ambaye mkwewe angethubutu kuingia kwake. Lakini akilini alimwona binti yule amechutama kwenye mvua, anautazama mlango wa mzee, na mlango umefungwa.

Akatoka mstarini.

“Unakwenda wapi?” karani akauliza.

“Nyumbani, bwana.”

Nyuma yake alisikia miguu ya watu ikihamia upande wa Zebedayo. Hakugeuka.

Uani alimkuta Veronika ameshika kitita kidogo.

“Anarudi kwao Busale,” alisema kwa sauti ya chini. “Yuko nyuma ya nyumba. Ingia ndani apite.”

Asegelile aliingia, akakaa gizani. Tangu binti huyo aolewe, hakuwahi kumwambia neno.

“Mwambie,” aliita kupitia ukutani, “mwambie njia ina tope.”

“Anasema njia ina tope,” Veronika alirudia.

Hatua zikaanza, nyepesi, zikielekea njiani.

“Tusekile!”

Veronika alijiziba mdomo. Baba mkwe hataji jina la mke wa mwanawe. Hatua zilisimama.

“Usiende, mwanangu,” mzee alisema. “Sina mtu mwingine. Ukiogopa usiku, njoo kwangu. Waseme watakavyo. Wewe njoo tu.”